Kila Ukuta na Shimo Lake

Mtu ashukaye kutoka Barabara ya Morogoro upande wa Urafiki, kilipo kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kuanza kazi mwaka 1968, akavikata vichochoro vya Mabibo mpaka lilipo soko ambalo watu wa mji wamelibandika jina la Mahakama ya Ndizi, atalazimika mara nyingi kupisha safu za matofali. Yamepangwa kando ya njia, mbele ya vibanda, chini ya miembe, na pengine katikati ya uwanja ambao watoto walidhani ni wao. Yaliyofyatuliwa alfajiri yangali na weusi wa maji, ya jana yamegeuka kijivu, na ya juma lililopita yamekuwa meupe yakingoja gari. Karibu nayo pana chungu ya mchanga, mifuko ya saruji iliyofunikwa turubai, pipa la maji, karai, beleshi mbili, na kijana aliyevua shati ambaye huishindilia kalibu ya chuma, huipindua kwa nguvu za mara moja, kisha huinyanyua polepole kama anayemfunua mtoto aliyelala, akaliacha tofali limesimama peke yake juu ya ardhi.

Kwa wenyeji wa vitongoji hivi tofali ni hazina kabla halijawa ukuta. Mwenye kipato cha kubahatisha, akipata ziada kidogo baada ya kodi ya chumba, ada za watoto na mchango wa harusi ya jamaa, hununua matofali hamsini na kuyapeleka kiwanjani kwake, pengine mbali sana na anapopanga. Mwakani akaongeza mia. Na mwaka wa tatu, majani yakiwa yameota katikati ya safu na mijusi wakiwa wamefanya maskani, ndipo humwita fundi kupima msingi. Fedha iliyogeuzwa tofali haikopwi na ndugu wala haiibiwi kwa urahisi, na sijaona akiba nyingine inayostahimili mvua na shemeji kwa pamoja namna hiyo.

Lakini mnunuzi wa tofali aghalabu hujua bei yake bila kujua asili yake. Mchanga ulioshindiliwa katika kalibu ya Mabibo haukuchimbwa Mabibo. Umeletwa na lori kutoka bonde fulani au kilima fulani, na kule ulikotoka umeacha tundu lenye ukubwa uleule wa ukuta utakaosimama, ama zaidi. Ukuta wowote, uwe wa msikiti wa kale au wa banda la kuku, una shimo lake mahali, nami nataka kulifuata shimo hilo linavyohama, kwa maana mahali lilipo hueleza habari za mji kuliko ukuta wenyewe.

Zamani shimo lilikuwa karibu. Mwenye kujenga nyumba ya Kiswahili, ile yenye baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba kuume na kushoto, na ua nyuma, alisimamisha nguzo za mikoko, zile zilizokuwa zikiletwa kwa majahazi kutoka mdomo wa Rufiji, akazifunga fito kwa kamba, akatomea mawe madogo kati ya fito na fito, kisha akakandika kwa udongo uliokanyagwa kwa miguu mpaka ukashikana. Udongo ule aliuchimba palepale kiwanjani. Aliondoa kwanza mchanga wa juu, maana ardhi ya Dar es Salaam, mbali na mwamba wa matumbawe ulioko ufukweni, ina mchanga mwingi juu na mfinyanzi chini yake. Akashuka hadi tabaka jekundu lenye unato, na humo akapata kiambaza chake. Tundu lililobaki likawa jaa la taka, au likaongezwa kina likawa choo, au likaachwa likajaa maji ya masika na vyura, na mwenye nyumba akaliona kila asubuhi alipotoka kunawa uso. Aliyefaidi udongo ndiye aliyeishi na shimo. Manzese, Mabibo na Temeke za mwanzo zilijengwa hivyo, nyumba kwa nyumba, na laiti ingewezekana kuuangalia mji kwa jicho la ndege wakati ule, lingeonekana vumbi jekundu likizunguka kila paa la makuti.

Wenye mali na watawala walifuata njia nyingine. Majengo ambayo Sultani Majid bin Said aliyaanzisha bandarini katika miaka ya 1860, na ambayo Boma la Kale lililojengwa kiasi cha mwaka 1867 ni baki lake mashuhuri, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa ilimu ileile iliyoinua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na misikiti mingine ya pwani iliyo magofu leo, Kunduchi ukiwamo. Matumbawe yaliyotolewa baharini yangali mabichi huwa laini, huchongwa kwa shoka kama mtu atakavyo, kisha huwa magumu yakikaa hewani. Na chokaa hupatikana kwa kuyapanga mawe juu ya rundo la magogo na kuyachoma hata yakawa unga. Shimo la majumba hayo lilikuwa katika mwamba wa bahari na katika misitu iliyolisha tanuu, yaani mbali kidogo na macho, ingawa bado ndani ya upeo wa mtu mwenye mashua.

Ndipo ikaja saruji. Ilikuja kwa meli, na watu wakaiita udongo wa Ulaya, jina lenye heshima na mshangao pamoja. Mwaka 1977, alipokuwa akitazama nyuma miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba wananchi wenye udongo mzuri wa kuchoma matofali na vigae wanakaa katika nyumba mbovu wakingoja bati na udongo huo wa Ulaya, akauona ungojaji huo kuwa ni kupooza kwa fikira. Maneno yake yalikuwa makali na kwa sehemu kubwa yalikuwa ya haki. Lakini kuna kichekesho ndani yake ambacho sijui kama kilimpita au alikinyamazia, kwa kuwa kufikia mwaka ule udongo wa Ulaya ulikwisha kuchimbwa Wazo, kaskazini mwa Dar es Salaam, kwa miaka kumi na mmoja. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza kazi mwaka 1966, na malighafi yake kubwa ni mawe ya chokaa ya matumbawe ya kale yaliyoota baharini zama zisizokumbukwa na mtu kisha ardhi ikayainua yakawa kilima. Mawe hayo husagwa, huchanganywa na udongo, huchomwa katika tanuri linalofikia nyuzi 1,450 za Selsiasi, kisha husagwa tena. Basi mfuko wa kilo 50 anaobebeshwa kijana wa Mabibo ni matumbawe yaleyale ya Sultani Majid, yaliyopikwa kwa moto mkali zaidi na kutiwa katika karatasi.

Hata hivyo saruji ni sehemu ndogo ya tofali. Kilichobaki ni mchanga, na mchanga ndio uliolihamisha shimo kutoka uani kwa mtu na kulipeleka mahali asipokwenda.

Dar es Salaam imezungukwa na mito mifupi. Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, ambako mchanga umeshikamanishwa na udongo mweupe wa kaolini, hupita katikati ya mji, hupokea maji ya Ubungo na mabonde mengine yashukayo kutoka upande wa Mabibo na Kigogo, na kumwaga baharini penye Daraja la Selander. Kaskazini iko Mbezi na Tegeta, na mbele zaidi Mpiji. Mito hii kwa miezi mingi ni njia za mchanga kuliko njia za maji. Masika huja, hubomoa vilima huko juu, huuosha udongo na kuupeleka mbali, na mchanga uliobaki hulala kitandani mwa mto ukiwa umechujwa na kusafishwa bila gharama ya mtu yeyote. Ni mali inayojaa tena kila mwaka, na hapo ndipo watu walipodanganyika, kwani kilichochukuliwa kwa lori katika juma moja huenda mto ulikikusanya kwa misimu kadhaa.

Mchanga ukitolewa kitandani mwa mto, maji hayakubali kupita juu ya shimo kwa adabu. Huteremka kwa kasi, hukwangua kitanda kuelekea juu, hula kingo, na kingo zikishapoteza miguu huanguka pamoja na migomba, vyoo na vyumba vilivyojengwa ukingoni. Nguzo za daraja ambazo mhandisi alizizika chini hubaki zikionekana hadi kiunoni. Viongozi wamepiga marufuku uchimbaji huo mara kwa mara, nao hurudi mara kwa mara, kwa kuwa anayechimba usiku na anayejenga mchana ni watu wa mji mmoja wenye haja moja. Siwezi kudai kwamba mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 na kuwahamisha wengine kutoka bondeni kwenda Mabwepande, yaliletwa na beleshi za wachimba mchanga. Mvua ile ilikuwa kubwa ajabu, na mabonde yalikwisha kujazwa nyumba na taka. Lakini mto uliochimbwa huwa na kingo dhaifu siku ile ya mvua kubwa, na jambo hili halihitaji mtaalamu kulithibitisha.

Pwani nayo ililipa sehemu yake. Fukwe za Kunduchi hulishwa na mchanga unaoletwa na mito ya Tegeta na Mbezi. Mawimbi huuchukua mchanga huo na kuusukuma kandokando ya ufuko mwaka mzima, kiasi kwamba ufuko ni msafara wa mchanga unaopita, na mito ndiyo inayoingiza wasafiri wapya. Mito ilipochimbwa, wasafiri wapya wakapungua, na bahari ikaanza kula nchi kavu. Katika miaka ya 1970 na 1980 mmomonyoko wa Kunduchi ukawa habari ya kusikitisha. Hoteli maarufu ya Africana ikaachwa, na wenye hoteli nyingine wakajenga kuta za mawe kuingia baharini ili kuuzuia mchanga upitao, kila mmoja akijiokoa na pengine akimnyima jirani. Sina shaka kwamba wajenzi wengi wa Sinza na Kijitonyama wa miaka ile, waliokuwa wakipandisha kuta zao kwa jasho na halali, hawakujua kwamba kipande cha ufuko wanakokwenda kuogelea sikukuu ya Iddi kimo ndani ya vyumba vyao. Nani angewaambia? Tofali halina cheti cha kuzaliwa.

Sasa yupo ndugu wa tofali hili ambaye watu wa Mabibo wanamjua kwa sura bila kumkaribisha sana. Ni tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kutiwa saruji kidogo, lenye matuta upande mmoja na mashimo upande wa pili, hata likiwekwa juu ya mwenzake hukaza bila mota. Mafundi humwita tofali la kufungamana, au kwa haraka ya kazi, intaloki. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioundwa mwaka 2001 kurithi kitengo cha utafiti wa majengo cha miaka ya 1970, na ambao kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Barabara ya Sam Nujoma, safari fupi ya daladala kutoka Mabibo, umelitangaza tofali hili nchini kote. Asili ya mashine yenyewe ni mbali: mwaka 1956 mhandisi Raúl Ramírez, akifanya kazi katika kituo cha nyumba mjini Bogotá, Kolombia, alibuni kishindilio cha chuma chenye mpini mrefu ambacho watu wawili wasio na umeme wanaweza kukitumia kijijini, nacho kikasambaa duniani kwa jina la CINVA-Ram. Wana wa Afrika Mashariki hawakukipokea kama kilivyokuja. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza matofali yanayofungamana, yakiwamo ya kujipinda kwa ajili ya matangi ya maji. Na Simion Kintingu wa Tanzania aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Warwick, mwaka 2009, juu ya umbo la matofali haya na namna ukuta usio na mota unavyoweza kupanda wima bila kupinda.

Ufundi wake unastahili kuelezwa kwa nafasi, maana ndani yake mjenzi analazimika kuijua ardhi anayoisimamia, jambo ambalo tofali la mchanga limemsamehe kwa muda mrefu. Kwanza huchimbwa na kutupwa kando udongo wa juu, wenye mizizi na mboji, kwa kuwa vitu vilivyooza huizuia saruji isishike. Kisha huchukuliwa udongo wa chini kutoka kila tabaka na kujaribiwa. Jaribio jepesi ni la chupa angavu yenye mdomo mpana: hutiwa udongo robo, huongezwa maji na chumvi kidogo, hutikiswa kwa nguvu na kuachwa itulie hadi kesho yake. Mchanga hutua chini mara moja, vumbi laini hulala juu yake, na mfinyanzi hushuka mwisho, baada ya kuyachafua maji kwa saa nyingi. Ndipo mtu huona kwa macho yake, kwa mistari mitatu, kiwanja chake kimeumbwa na nini. Udongo mwema una mchanga mwingi, zaidi ya nusu, na mfinyanzi wa kutosha kuushikanisha, kiasi cha sehemu moja katika tano au nne. Ukiwa mchanga mtupu, tofali humomonyoka likitoka mashineni. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupendeza siku ya kwanza na kupasuka siku ya tatu.

Jaribio la pili ni la kisanduku. Hutengenezwa kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, hupakwa mafuta ndani, hujazwa udongo uliokandwa kwa maji, na kuanikwa siku kadhaa. Udongo unapokauka husinyaa na kuacha pengo kwenye ncha ya kisanduku, na pengo hilo ndilo hakimu wa saruji: likiwa dogo, chini ya milimita 12, karai moja ya saruji hutosha karai 18 za udongo, likikaribia sentimita 5, saruji hupanda hadi moja kwa 12, likipita hapo udongo haufai mpaka uchanganywe na mchanga. Huu udongo mweusi wa mabondeni, unaofungua nyufa za kutumbukia kidole wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, hushindwa mtihani huo waziwazi, na mtu wa bonde la Msimbazi asijidanganye nao. Udongo mwekundu wa miinuko, Kimara na kuelekea Pugu, aghalabu hufaulu. Mabibo iko katikati, yenye miinuko na mabonde yake, na viwanja viwili vilivyotengwa na njia ya mkokoteni vinaweza kutoa majibu mawili.

Maji hupimwa kwa kiganja. Udongo na saruji vikishachanganywa vikavu hadi rangi ikawa moja, hunyunyiziwa maji kidogo kidogo, kisha fundi hufinyanga tonge na kuliachia kutoka usawa wa kiuno lianguke mahali pagumu. Likitawanyika kuwa vumbi, maji hayajatosha. Likibonyea na kubaki kipande kimoja, yamezidi. Likivunjika vipande vinne au vitano, wakati ndio huo, tena asichelewe, maana mchanganyiko wenye saruji hauna uvumilivu wa zaidi ya saa moja. Udongo hutiwa katika kalibu, kifuniko hufungwa, mpini hushushwa kwa uzito wa mwili, na tofali hutoka likiwa baridi, zito, lenye kingo kali kama limekatwa kwa kisu. Hupangwa kivulini, hufunikwa nailoni, hunyweshwa maji asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua saba, na halifikii nguvu zake kamili kabla ya siku 28. Hapa pana tofauti kubwa na desturi ya njiani, ambako nimeona matofali ya mchanga yamekaa juani siku mbili yakapakiwa katika kirikuu siku ya tatu, na mnunuzi akafurahi kwamba amepewa upesi.

Wauzaji wa mashine hizi hupenda kusema kwamba tofali la udongo linakula saruji kidogo sana, na insafu yataka tuyapime maneno hayo. Mfuko mmoja wa saruji, ukichanganywa na udongo mara 16 ya ujazo wake, hutoa matofali kiasi cha 80 ya milimita 300 kwa 150 kwa 100. Na kwa kuwa mita moja ya mraba ya ukuta hutaka matofali 33, mfuko huo umetoa ukuta wa mita mbili na nusu hivi. Mfyatuaji mwaminifu wa Mabibo hutoa kwa mfuko mmoja matofali kiasi cha 30 ya inchi 6, yaani ukuta wa mita tatu. Kwa hiyo ndani ya tofali lenyewe hakuna akiba ya saruji. Akiba inakuja baadaye, kwa sababu ukuta wa mchanga hudai mota katika kila kiungo, na lipu ndani na nje, na kwa makadirio yangu lipu ya pande mbili pekee humeza mfuko mmoja kwa kila mita sita au saba; ukuta wa kufungamana hauhitaji mota ila safu ya kwanza juu ya msingi, na waweza kuachwa bila lipu ukapendeza. Faida iliyo kubwa zaidi ni ya mchanga: lori halikuja kabisa.

Lakini lisipokuja lori, udongo utatoka wapi? Kiwanja cha Mabibo si shamba. Mtu ana futi arobaini kwa sitini akiwa na bahati, na jirani amejenga mpaka kwenye upenu. Anayemwambia mkaaji wa huku achimbe shimo la udongo uani kama babu yake anamwambia achimbe chini ya kitanda chake. Hata hivyo liko shimo moja ambalo kila mwenye nyumba hulichimba, hulipia kulichimba, kisha hulipia tena udongo wake kuondolewa, nalo ni shimo la choo. Vijana hushuka na sururu na ndoo, udongo hupanda kwa kamba, mchanga mweupe kwanza, kisha wa manjano, kisha mwekundu wenye mabonge, na wote huchanganyika katika chungu moja inayoziba njia mpaka aje mwenye guta aubebe kwenda kufukia dimbwi la mtu mwingine.

Tupige hesabu. Shimo lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 3 lina mita 18 za ujazo. Tuseme nusu yake ni mchanga mtupu au uchafu, zikabaki mita 9 zifaazo. Tofali moja lina ujazo wa lita nne na nusu, hivyo zingetoka 2,000. Tuondoe yatakayovunjika, na udongo unaopungua kwa kushindiliwa, tubaki na 1,700. Hayo ni mita 51 za mraba za ukuta. Vyumba viwili vya mita 3 kwa 3 vilivyoshikana vina kuta zenye urefu wa mita 21 zikijumlishwa pamoja. Kwa kimo cha mita 2.7, ukitoa milango na madirisha, huhitaji mita 50 hivi. Kwa hiyo shimo la choo la nyumba ya vyumba viwili lina kuta za nyumba hiyo ndani yake, maadamu udongo umefaulu katika kisanduku na maji ya ardhini hayakuwahi kabla ya kina cha mita tatu, kama yawahivyo katika nyumba zilizo bondeni.

Kwa nini basi haifanyiki? Sababu ya kwanza ni ya mashine: haimilikiwi na kila fundi kama kalibu, na kuikodi kwa ajili ya vyumba viwili ni usumbufu. Ya pili ni ya mwendo wa fedha, na mimi naiona kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Tofali la mchanga hununuliwa hamsini hamsini kwa miaka mitano. Shimo la choo huchimbwa mara moja, udongo wake hutaka kufyatuliwa kwa pamoja, na mwenye fedha za vipande vipande hana njia ya kuushika mkupuo huo. Ya tatu ni heshima. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya kukandika, akaiona ikimomonyoka kila masika na mamaye akiikandika upya kila kiangazi, hawezi kuambiwa neno udongo akasikia raha, hata ukimwonyesha cheti cha maabara. Wenye dharau hiyo wangefikishwa Bahla kule Omani, mahali penye ngome kubwa ya matofali ya udongo iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, au Shibam ya Hadhramaut, ambako maghorofa ya udongo, mengi yake ya karne ya 16, yangali yakikaliwa na watu. Lakini mfano wa Shibam una makali upande wa pili: maghorofa yale yamesimama kwa sababu hupakwa upya kizazi baada ya kizazi, na mvua yao si mvua yetu. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ukuta wa udongo hapa, hata wenye saruji, unataka msingi wa mawe au zege ulioinuka juu ya maji yarukayo, na upenu mpana. Asiyeweza kuupa mambo hayo mawili ajenge kwa tofali la mchanga na Mungu ambariki.

Kwa aliye karibu kuchimba, lililo jepesi halihitaji mashine wala mkopo. Awaambie vijana waweke udongo wa kila tabaka katika chungu yake, usichanganywe. Atupe ule wa juu wenye mizizi. Atie kidogo wa kila chungu katika chupa, aache usiku mmoja, atazame mistari. Kama mstari wa mfinyanzi ni mwembamba na wa mchanga ni mnene, afunike chungu hiyo kwa turubai asiiache inyeshewe, achukue debe moja apande nalo daladala mpaka kwa wapimaji wa udongo, na mwenye guta amwambie arudi juma lijalo.